Nani ana mamlaka ya kuizima antivairasi? Kupanga ruhusa za akaunti kwenye kompyuta ya nyumbani

SWALI: Kompyuta yetu ya nyumbani ina Windows 11 na tunaitumia watu wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 9. Wote tunaingia kwa akaunti moja. Mwezi huu nimekuta Defender, antivairasi inayokuja na Windows, imezimwa mara mbili, na juzi nikagundua folda nzima ya Downloads imeondolewa kwenye ukaguzi. Kijana anasema mchezo wake haukuwa ukifunguka bila hivyo. Je, ninunue antivairasi nyingine yenye nenosiri lake, au hii ya Windows inaweza kufungwa isichezewe? Na ni kweli kwamba virusi vyenyewe vinaweza kuzima antivairasi?

JIBU: Usinunue kitu bado. Antivairasi uliyonayo haina kasoro. Kasoro ni kwamba wote wanne mnaingia mkiwa wasimamizi. Defender haina daftari lake la nani aruhusiwe na nani azuiwe. Mtu akitaka kuizima, swali linaloulizwa ni moja tu: huyu ni msimamizi wa kompyuta au ni mtumiaji wa kawaida? Akaunti ya kwanza inayoundwa siku Windows inapoanzishwa huwa ya msimamizi, na kama ndiyo hiyo mnayoitumia wote, basi mtoto wa miaka 9 ana mamlaka sawa na yako juu ya mashine nzima. Kijana wako hakuvunja kufuli lolote. Aliulizwa, akabofya Yes.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Antivairasi si programu moja. Ile ngao ndogo iliyo karibu na saa, pamoja na dirisha la Windows Security, ni sura tu. Inaendeshwa kwa ruhusa za mtu aliyeingia, na akiifunga kwa nguvu ngao itatoweka lakini ukaguzi utaendelea kama kawaida. Kazi yenyewe inafanywa na huduma iitwayo MsMpEng.exe, inayoendeshwa na akaunti ya mfumo, SYSTEM, ambayo ina nguvu kuliko msimamizi wa kawaida. Chini zaidi, ndani ya kiini cha Windows, kuna draiva (programu ya ngazi ya chini inayofanya kazi ndani ya kiini hicho) ya WdFilter.sys iliyosimama njiani: faili likifunguliwa, linapita kwake kwanza. Ukitaka kuona kwa macho, fungua Task Manager, nenda kwenye kichupo cha Details, tafuta MsMpEng.exe na ubofye End task. Hata ukiwa msimamizi utakataliwa. Tangu Windows 8.1 huduma za antivairasi zinaweza kuendeshwa kama michakato iliyolindwa, isiyoweza kuuawa na programu ya kawaida hata ikiwa na mamlaka ya usimamizi.

Kama haiuliki, ilizimwaje basi? Kwa kupitia mlango wa mbele, yaani mipangilio. Msimamizi anaruhusiwa kuzima swichi ya Real-time protection, anaruhusiwa kutoa faili karantini (mahali yanapofungiwa mafaili yaliyokamatwa), na anaruhusiwa kuandika folda, aina ya faili au programu kwenye orodha ya vilivyosamehewa ukaguzi. Swichi ile ikizimwa hujiwasha tena baada ya muda. Orodha ya msamaha haijifuti. Pengine ndiyo maana kijana, baada ya kuizima mara mbili na kukuta imerudi, akahamia kwenye Downloads. Na hapo, bila kujua, akamkabidhi fisi bucha: Downloads ndiyo folda ambayo kila kinachotoka intaneti hutua kwanza, na msamaha wa folda unahusu pia folda zote zilizomo ndani yake.

Virusi navyo hupita mlango huohuo. Programu yoyote unayoifungua huanza na ruhusa zako, wala si zaidi. Kwenye akaunti ya msimamizi, Windows tangu Vista hukupa vyeti viwili vya ruhusa unapoingia: dhaifu cha kazi za kila siku, na kamili kinachobaki mfukoni hadi ubofye Yes kwenye lile dirisha la UAC (User Account Control) linalofifisha skrini na kuuliza kama unairuhusu programu ibadilishe kompyuta. Kwa hiyo kirusi kilichomo kwenye akaunti ya msimamizi kinahitaji Yes moja tu ya mtu mwenye haraka. Wakati mwingine hakihitaji hata hiyo. Kwenye kiwango cha UAC kinachokuja na Windows, baadhi ya programu za Microsoft zenyewe hupandishwa cheo kimyakimya bila kuuliza, na wahalifu wamejifunza kudandia mgongoni mwazo; fodhelper.exe ni mfano maarufu. Microsoft yenyewe haiihesabu UAC ya msimamizi kuwa ukuta wa usalama. Mtumiaji wa kawaida hana cheti cha pili mfukoni. Hakuna cha kupandisha. Lazima liandikwe nenosiri la mtu mwingine.

Kuna kinga inayoitwa Tamper Protection, iliyoanza kutolewa mwaka 2019, na hakikisha imewashwa. Inazuia mbinu ya zamani ya kuizima Defender kwa amri ya PowerShell (dirisha la kuandikia amri) au kwa kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows. Lakini kwenye kompyuta ya nyumbani haiilindi orodha ya msamaha. Ndiyo maana virusi vingi vya siku hizi, vikishapata mamlaka ya msimamizi, havihangaiki kuzima kitu. Vinaandika amri moja ya Add-MpPreference, vinajisamehe vyenyewe, na ngao inabaki ya kijani. Vingine hubeba draiva halali ya kampuni fulani yenye tundu la zamani, vikaipakia na kuitumia kuiua antivairasi kutoka ndani ya kiini. Kupakia draiva nako kunadai msimamizi. Kila njia unayoifuata inakurudisha kwenye akaunti.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa kuunda akaunti. Anza kwa kusafisha, kwa sababu nenosiri jipya la msimamizi likiandikwa kwenye kompyuta yenye kirusi kinachosoma kibodi, umelipoteza siku hiyohiyo.

Bofya Start, andika PowerShell, chagua Run as administrator, kisha andika:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Utaona vilivyosamehewa vyote: folda, michakato na aina za faili. Kwenye kompyuta ya nyumbani orodha hii inapaswa kuwa tupu, au karibu na tupu. Ukikuta C:\ nzima, au aina ya faili .exe, au folda iliyojificha ndani ya AppData ambayo hakuna anayeitambua, usimlaumu kijana haraka. Ufutaji unafanyika ndani ya Windows Security: Virus & threat protection, Manage settings, halafu shuka hadi Add or remove exclusions.

Kabla ya kufuta, angalia saa. Fungua Event Viewer, ingia Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Windows Defender, Operational. Tukio namba 5001 linamaanisha ulinzi wa muda wote ulizimwa. Namba 5007 ni mpangilio uliobadilishwa, na ndani yake imeandikwa thamani ya zamani na mpya, hivyo njia ya folda iliyosamehewa utaiona neno kwa neno. Namba 1116 ni kirusi kilichogunduliwa, na 5013 ni jaribio lililozuiwa na Tamper Protection. Jina la aliyebadilisha mpangilio hutalipata hapo, ila saa unayo. Ikiwa Downloads ilisamehewa jioni kijana akiwa mezani, sawa. Ikiwa kuna msamaha mwingine ulioandikwa saa ambayo nyumba ilikuwa tupu, una tatizo kubwa kuliko mchezo.

Baada ya kufuta misamaha, nenda Scan options uchague Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Hifadhi kazi zako kwanza, kwa kuwa kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijapanda. Huchukua takriban dakika 15. Ikirudi, fanya Full scan, ambayo inaweza kula saa kadhaa, na iache imalize.

Ndipo sasa uguse akaunti. Watu wengi hukosea hapa kwa kuwaundia wanafamilia wote akaunti mpya halafu wanahangaika kuhamisha picha, alamisho za kivinjari na nyaraka. Njia nyepesi ni kuibakiza akaunti ya zamani na mali zake zote, kuishusha cheo, na kuunda mpya kwa ajili ya usimamizi peke yake. Fungua Settings, Accounts, Other users, bofya Add account. Windows itataka barua pepe; chagua I don't have this person's sign-in information, kisha Add a user without a Microsoft account. Ipe jina lolote, tuseme Fundi. Ikishaundwa, bofya jina lake, Change account type, uchague Administrator.

Nenosiri la Fundi liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana, na usiliwekee PIN. Dirisha la UAC hukubali PIN ya msimamizi, na tarakimu nne zinasomeka kwa kuchungulia begani mara moja tu. Windows itakudai pia maswali matatu ya kukumbushia nenosiri. Hili ni tundu linalosahaulika: jina la shule yako ya kwanza au la mnyama wako wa kwanza, mwanao analijua. Jibu uongo, na uandike uongo huo pamoja na nenosiri kwenye karatasi inayokaa mahali pa hati zako muhimu.

Toka kwenye akaunti ya zamani, ingia kwa Fundi, uhakikishe imekubali. Usishushe cheo cha yeyote kabla ya kufika hapa. Ukiwa ndani ya Fundi, rudi Other users, bofya akaunti ya zamani, Change account type, Standard User. Kisha unda akaunti ya kijana na ya mdogo wake, zote Standard. Mkeo naye apate yake, au abaki na wewe kwenye ile ya zamani, hilo ni lenu. Watoto wasibaki humo. Badilisha nenosiri la akaunti hiyo ya zamani.

Mabadiliko haya hayamgusi mtu ambaye tayari yuko ndani. Cheti hutolewa wakati wa kuingia. Akaunti ya zamani ikiwa imeachwa wazi nyuma ya Switch user, itaendelea kuwa na mamlaka yake ya awali hadi itakapotoka. Washa kompyuta upya, usiishie kuifunga skrini.

Kisha andika UAC kwenye utafutaji wa Start, fungua Change User Account Control settings, sukuma kitelezi hadi juu kabisa. Kwenye kiwango hicho hata programu za Microsoft huuliza, na mbinu nyingi za kudandia hukosa mahali pa kudandia. Kwa kuwa Fundi atatumika mara chache, usumbufu wenyewe ni mdogo.

Hakiki kwa amri hii kwenye Command Prompt: net localgroup Administrators. Utaona Fundi, na utaona Administrator, ambayo ni akaunti iliyojengwa ndani ya Windows na huwa imelemazwa. Iache hivyo hivyo. Jina jingine lolote likionekana, jiulize limefikaje. Halafu ingia kwa akaunti ya kijana ujaribu kuzima Real-time protection. Inatakiwa ikuombe nenosiri la Fundi. Ukiandika ile amri ya Get-MpPreference bila usimamizi, mahali pa orodha pataandikwa kwamba ni lazima uwe msimamizi ili uione. Hiyo ni makusudi: kirusi kilichomo kwenye akaunti ya kawaida kisijue ni folda ipi isiyokaguliwa kikaenda kujificha humo.

Ulinzi wenyewe unaupima kwa faili la EICAR, linalopatikana kwenye tovuti ya eicar.org. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, ambayo antivairasi zimekubaliana kuyachukulia kama kirusi. Lipakue ukiwa kwenye ile akaunti ya zamani, litue kwenye Downloads ileile iliyokuwa imesamehewa. Likikamatwa, msamaha umefutika kweli. Likikaa kimya, kuna mahali hujafuta. Fungua pia Protection history ukiwa humo humo ujaribu kulirudisha kutoka karantini: nenosiri litaombwa.

Suala hili la karantini ni zito kuliko linavyoonekana. Huduma ya antivairasi inapolirudisha faili, inaliandika kwa mamlaka ya SYSTEM, siyo ya aliyebofya. Mwaka 2017 mtafiti Florian Bogner alionyesha udhaifu alioupa jina AVGater: mtumiaji wa kawaida aliacha faili baya likamatwe kwenye folda yake, akaigeuza folda hiyo kuwa kiungo kinachoelekea kwenye folda za mfumo, kisha akaiomba antivairasi ilirudishe faili mahali pake. Antivairasi, kwa utii, ikaliandika pale ambapo mtumiaji mwenyewe asingeweza kuandika kamwe. Mlinzi ndiye aliyembebea mwizi mzigo hadi chumbani. Bidhaa zilizoguswa zilizibwa tundu hilo, ila somo la mpangilio lipo: ukikutana na antivairasi inayokupa chaguo la kuwaruhusu watumiaji wa kawaida kutoa faili karantini, ukatae.

Maisha ya kila siku baada ya hapa hayabadiliki sana. Mtumiaji wa kawaida anakagua kompyuta, anakagua flashi, anachapisha, anaunganisha Wi-Fi. Masasisho ya Windows na ya orodha ya virusi huingia yenyewe, kwa sababu yanaletwa na SYSTEM na si na aliyeketi. Kinachodai nenosiri ni kusakinisha programu kwenye Program Files, kuweka draiva, kurekebisha saa ya kompyuta, na yale madirisha ya ukuta wa moto (firewall) yanayotokea mchezo wa mtandaoni ukifunguliwa mara ya kwanza.

Na hapa ndipo mpango mzuri huharibikia. Kijana anakuita, "Baba, weka nenosiri," nawe unaliweka umesimama. Kuanzia hapo programu ile haiendeshwi na kijana. Inaendeshwa na Fundi, na mamlaka yote. Kwanza, ikiwa dirisha lake lina kitufe cha kufungua faili, ndani ya kidirisha kile cha kuchagulia mafaili mtu anaweza kuita programu nyingine, nayo ikazaliwa na mamlaka yaleyale. Nenosiri ulilolitoa kwa ajili ya kisakinishi limefungulia na programu nyingine. Kwa hiyo usiondoke. Kaa hadi dirisha lifungwe. Pili, baadhi ya visakinishi huandika mipangilio kwenye wasifu wa anayeviendesha. Utakuta ikoni iko kwa Fundi na mchezo umehifadhiwa kwa Fundi, huku kijana hana kitu. Ikitokea hivyo usimpandishe cheo. Futa, kisha utafute kisakinishi chenye chaguo la kuwawekea watumiaji wote.

Kama unataka ombi la nenosiri lisitokee kabisa kwenye akaunti za kawaida, ili kila usakinishaji ufanyike kwa kuingia kwa Fundi, kuna thamani kwenye rejista iitwayo ConsentPromptBehaviorUser, ndani ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Ukiiweka 0, maombi hukataliwa papo hapo. Kwa familia nyingi naona ni ukali uliopitiliza, lakini kwa mtu ambaye anajijua hawezi kukataa akiombwa mara tano, inasaidia.

Mchezo wa kijana sasa. Mchezo ulionunuliwa kwa njia halali ni nadra kukosa kufunguka kwa sababu Downloads inakaguliwa. Unaokosa kufunguka kwa kawaida ni ule uliovunjwa leseni, au nyongeza ya kudanganyia mchezo, na hivyo ndivyo vifungashio wanavyovipenda wenye virusi, kwa kuwa mteja yuko tayari kuizima antivairasi mwenyewe kwa maelekezo ya ukurasa aliopakulia. Soma jina lililoandikwa kwenye Protection history. Likianza na HackTool, huenda kweli ni zana ya kuvunja leseni tu. Likianza na Trojan (kirusi kinachojifanya programu halali) au PWS (mwizi wa manenosiri), usibishane nalo. Faili ambalo una sababu nzuri ya kuamini limesingiziwa, lipandishe VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja, uone injini nyingine zinasemaje. Na ukiamua kusamehe, samehe faili lile moja kwa njia yake kamili, kamwe usisamehe folda. Watu pia huelewa vibaya msamaha wa aina ya Process: hauisamehi programu yenyewe, unasamehe mafaili yanayofunguliwa na programu hiyo. Ukiupa msamaha huo mchezo, kila utakachokigusa mchezo huo hakitakaguliwa na ulinzi wa muda wote, huku mchezo wenyewe ukiendelea kukamatwa. Umepata hasara pande zote mbili.

Kuhusu kununua. Antivairasi kadhaa za kulipia zina nenosiri lao la ndani. ESET huweka nenosiri kwenye mipangilio, Avast ina lake, na Kaspersky imeenda mbali zaidi: ina mtumiaji wake iitwaye KLAdmin mwenye mamlaka yote juu ya programu, kisha unaweza kuwagawia watumiaji wa Windows ruhusa mojamoja, huyu asitishe ulinzi, yule asiondoe programu. Kwa nyumba ambayo watu wazima wawili wanalazimika wote kuwa wasimamizi, huo ni msaada wa kweli. Lakini nenosiri hilo ni komeo la chumba cha ndani. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kuwasha kompyuta kwenye Safe Mode (hali ya dharura inayopakia vitu vya msingi tu), ambako antivairasi nyingi za nje hazipandi kikamilifu, na kutumia zana ya kampuni yenyewe ya kuiondolea programu iliyogoma. Ukinunua nenosiri bila kushusha akaunti, umenunua usumbufu. Ukishusha akaunti, mara nyingi nenosiri la pili halihitajiki tena. Na ukiongeza antivairasi nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Usijaribu kuzilazimisha mbili zikague kwa wakati mmoja, zitagombania kila faili na kompyuta itakwama.

Sitaki udhani kwamba akaunti ya kawaida inalinda kila kitu. Inailinda Windows, inailinda antivairasi, na inamlinda mtu mmoja dhidi ya makosa ya mwingine. Mafaili ya mwenye akaunti haiyalindi hata kidogo. Programu inayofungia mafaili na kudai fidia haihitaji usimamizi ili kufungia nyaraka za aliyeifungua. Ruhusa ya kuziandika anayo tayari. Vivyo hivyo wezi wa manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kinachobadilika ni ukubwa wa moto. Ikianzia kwa kijana, haiwezi kuingia kwenye folda yako chini ya C:\Users, na haiwezi kuendesha amri ya vssadmin kufuta nakala za kivuli, yaani nakala za akiba za ndani ya Windows, kwa kuwa amri hiyo hudai msimamizi.

Sehemu mbili zinavunja hesabu hiyo bila watu kujua. Folda ya C:\Users\Public huandikwa na kila mtu. Na diski ya pili, ile D: ambayo familia nyingi huweka picha, ikiwa imeumbizwa kwa kawaida basi mtumiaji yeyote aliyeingia anaweza kubadili na kufuta kilichomo. Bofya D: kwa kitufe cha kulia, Properties, Security, utaona Authenticated Users wakiwa na Modify. Hamishia picha kwenye folda ya Pictures ya akaunti yako, au unda folda ndani ya D: na uondoe kundi hilo kwenye folda hiyo pekee, usiguse mzizi wa diski. Nawe ukiwa Fundi, jizuie kufungua folda za wengine kwa kubofya Continue kwenye ile onyo la kukosa ruhusa. Kubofya huko hakukuonyeshi folda mara moja tu, kunaiandikia akaunti yako ruhusa ya kudumu.

Kwa mafaili yenyewe kuna Controlled folder access, iliyo chini ya Ransomware protection. Huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kuandika kwenye Documents, Pictures na folda nyingine zilizotajwa humo, hata ikiwa imefunguliwa na mwenye folda. Tarajia lawama ndani ya wiki ya kwanza, maana michezo mingi huhifadhi maendeleo ya mchezaji ndani ya Documents, nayo itashindwa, tena mara nyingine bila ujumbe unaoeleweka. Dawa ni Allow an app through Controlled folder access, kwa nenosiri la Fundi, ukitaja programu ile moja. Na nakala ya akiba iwe kwenye diski ya nje inayochomolewa ikimaliza kazi. Iliyoachwa imechomekwa itafungiwa pamoja na nyingine.

Limebaki jambo moja, kwa kuwa kijana wa miaka 15 anayejua orodha ya msamaha ilipo atajua na mengine. Anayeweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine anaifikia diski bila kuiuliza Windows chochote, na kutoka hapo kujirudishia usimamizi ni mafaili machache ya kubadilisha. Kinachozuia hilo ni usimbaji wa diski, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo. Tazama Settings, Privacy & security, Device encryption; kwenye toleo la Pro utaikuta kwa jina la BitLocker. Kabla ya kuiwasha, au ukikuta imeshawashwa, pata ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48, uuandike kwenye ile karatasi yenye nenosiri la Fundi. Ikiwa mlianzisha kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huenda umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni, na hapo jiulize nenosiri la akaunti hiyo linajulikana na nani.